Bei ya Kidole Gumba

Msumeno mkubwa ulimkata Naftaly vidole vitatu siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Ijumaa yake, Naftaly na mkewe Wariara na watoto wao walipakiwa kwenye lori la magogo, pamoja na kitanda na kuku wanne, wakapelekwa stesheni ya Elburgon. Nyapara alikuwa mtu wa haki. Aliwapa siku tatu nzima, na akamtafutia Naftaly pasi ya kusafiri hadi kwa ndugu yake Naivasha, maana miaka ile Mkikuyu hakuenda popote bila karatasi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na kampuni iliihitaji kwa mtu mwenye vidole.

Chepchirchir alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Alimsaidia Wariara kubeba kitanda. Alitaka kumwambia neno la kumfariji, akalitafuta tangu mlangoni hadi kwenye lori, na lilipopatikana lori lilikuwa limekwisha kupinda kona. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Maneno yake yalifika, lakini yalifika yamechelewa.

Jioni ya siku hiyo mumewe, Kiptanui, aliingia ndani akitabasamu.

"Mama Kibet, nimepewa msumeno."

"Msumeno upi?"

"Kwani iko mingapi? Ule mkubwa. Naanza tarehe moja. Wanaongeza shilingi kumi na mbili kwa mwezi."

Chepchirchir alikuwa akisonga ugali. Aliendelea kusonga. Ugali wa siku hiyo ungeweza kujengea ukuta.

Msumeno ule ulikuwa umekaa pale kwenye kambi ya kampuni ya mbao miaka tisa, na Naftaly alikuwa mtu wa tano kuuendesha. Hakuna hata mmoja kati ya watano hao aliyeuacha kwa hiari yake. Kiptanui mwenyewe alikuwa mpanga mbao. Kazi yake ilikuwa kupokea mbao za podo na mtarakwa zikitoka kwenye mashine na kuzipanga uwanjani zikauke. Hawakuwa na shamba. Baba yake aliishi kama skwota kwenye shamba la mzungu huko Mau Narok, mpaka shamba lilipouzwa kwa mzungu mwingine ambaye hakupenda ng'ombe wa watu. Ng'ombe waliobaki walichukuliwa na kaka yake mkubwa, Kipkemei, akaenda nao rizavu, kwenye ardhi iliyotengewa watu wa kwao. Kwa hiyo yote waliyokuwa nayo Chepchirchir na watoto ni nyumba ya kampuni na mikono ya Kiptanui, na nyumba ilitegemea mikono.

Jumapili hiyo, watu walipotoka kanisani, alikuja mtu mmoja akisukuma baisikeli kwenye matope, amevaa tai. Jina lake lilikuwa Micah, na alikuwa ajenti wa bima kutoka Nakuru. Nyumba tatu za kwanza zilimfukuza zikidhani anauza sabuni. Ya nne ilikuwa ya Chepchirchir, na Chepchirchir hakuwahi kumfukuza mtu, kwa sababu kufukuza kunahitaji maneno. Akamkaribisha chai.

Kiptanui alikuwepo, pamoja na Kosgei, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye alikuja kila Jumapili wakati chai ilipochemka.

"Kuna karatasi mbili," Micah alisema, akazitandaza mezani. "Hii nyeupe ni bima ya maisha. Unalipa kidogo kila mwezi. Ukifa, mke wako anapewa shilingi elfu tatu."

"Nikifa lini?" Kiptanui akauliza.

"Wakati wowote."

"Hata kesho?"

"Kesho hapana. Lazima ofisi ikubali kwanza."

"Basi nitangoja."

"Na hii ya kijani ni bima ya mshahara. Ukiumia ukashindwa na kazi, kampuni ya bima inakulipa nusu ya mshahara mpaka upone, au mpaka miaka mitano iishe. Na kiungo kikikatika kabisa, kina bei yake. Nani hapa anajua kusoma?"

Chepchirchir alikuwa amesoma hadi darasa la tatu katika shule ya misheni, akatolewa ili alee wadogo zake. Alisoma polepole, kidole kikitangulia na sauti ikifuata. Kiptanui, ambaye hakusoma kabisa, alikiamini sana kile kidole. Akaivuta ile karatasi ya kijani, akaanza.

"Kidole gumba cha mkono wa kulia, shilingi mia tatu. Kidole cha kati, mia moja. Kidole cha mwisho, hamsini. Jicho moja, elfu moja. Mguu, chini ya goti, elfu moja na mia mbili."

"Kama buchari," Kosgei akasema. "Maini ni pesa ngapi?"

"Maini hayako kwa orodha," Micah akajibu.

"Na huyu rafiki yangu meno yake mawili ya chini yalishatoka. Atalipwa?"

"Ya zamani hailipwi."

Chepchirchir alirudi tena kwenye mstari wa kidole gumba, akausoma kimoyomoyo. Kisha akaenda sandukuni, akaleta kipande cha Kiptanui, yaani kitambulisho chake cha serikali, akakiweka mbele ya Micah bila kuambiwa. Micah akakifungua, akaanza kunakili. Mara akasimamisha kalamu. Akamtazama Kiptanui, akatazama kipande.

"Mzee," alisema. Tangu aingie alikuwa akimwita ndugu. "Hapa wanasema ulizaliwa mwaka wa elfu moja mia nane tisini na tisa."

"Inawezekana," Kiptanui akasema.

"Huu ni mwaka wa hamsini na saba. Una miaka hamsini na minane."

Kosgei alicheka mpaka chai ikamwagika. Chepchirchir hakucheka, kwa sababu alijua ilivyokuwa. Siku ya kuandikisha vipande, karani wa serikali alikuwa kijana mmoja aliyetoka mbali, na huko kwao meno hutoka kinywani kwa sababu moja tu, nayo ni uzee. Alimwambia Kiptanui afungue kinywa. Akaona pengo la meno mawili ya chini, yale ambayo kila mvulana wa kwao hung'olewa akiwa mdogo. Akaona na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka yakakaribia mabega. Akaandika mwaka wa tisini na tisa, kisha akainuka, akampa kiti. Kiptanui alifurahi sana kupewa kiti na mtu wa serikali. Hakuuliza sababu.

"Sasa lete na yako," Kiptanui akamwambia Kosgei. "Uache kucheka."

Kipande cha Kosgei kiliandikwa asubuhi ile ile, na karani yule yule. Lakini baba yake Kosgei alikuwa mtu wa misheni, na alikataa mwanawe ang'olewe jino au atobolewe sikio. Kosgei alifungua kinywa kilichojaa, akaandikwa kuwa alizaliwa mwaka wa thelathini na nne.

"Ishirini na tatu," Micah akahesabu. "Na nyinyi ni marafiki?"

"Tulitahiriwa pamoja," Kiptanui akasema. "Msimu mmoja, nyumba moja. Tena huyu ndiye mkubwa kwangu kidogo."

"Kidogo sana," Kosgei akasema.

Micah akafunika kalamu yake. "Kampuni yetu haipokei mtu aliyepita hamsini. Si nyeupe, si kijani. Kwa ofisi, wewe mzee wangu umeshakwisha."

Kiptanui alipokea habari hiyo vizuri. Alisema kama ameshakwisha basi msumeno hautapata kitu cha kukata. Wanaume wakacheka, hata Micah. Chepchirchir alihesabu siku zilizobaki kufika tarehe moja. Zilikuwa kumi na moja. Akavichukua vile vipande viwili, akaviweka kimoja kando ya kingine mbele ya Micah, akabaki amesimama pale pale. Hakusema kitu. Lakini pia hakuondoka, na Micah hangeweza kufikia baisikeli yake bila kumsukuma.

"Sawa, mama," Micah akasema mwisho. "Waje Nakuru Jumamosi, wote wawili, na vipande vyao. Karani mkuu ataamua. Na wewe uje, kwa sababu wewe ndiye utakayelipwa."

Jumamosi wakapanda gari moshi asubuhi na mapema, daraja la tatu. Kosgei alikubali kwenda kwa sharti la kununuliwa chakula Nakuru. Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nguo, na karani mkuu alikuwa Mhindi mzee mwenye miwani, aliyekuwa na madaftari matano mezani na moja mapajani. Micah alimweleza habari yote. Karani aliwatazama wale wanaume wawili kwa zamu.

"Nani iko mzee?"

"Huyu," Micah akasema.

"Na kijana?"

"Huyu."

"Mimi hapana ona tofauti." Akafuta miwani, akatazama tena. "Bado hapana ona. Nyinyi tahiriwa mwaka gani?"

"Mwaka Waitaliani waliofungwa waliletwa kuchonga barabara," Kiptanui akasema.

"Waitaliani mimi kumbuka," karani akasema. "Moja alinunua sigara kwa duka yangu, hajalipa mpaka leo." Akafikiri. "Lakini kipande iko ya serikali. Mimi hapana weza kufuta serikali. Serikali nasema hamsini na nane, serikali nasema ishirini na tatu, na nyinyi mnasema ni sawasawa. Basi mimi nafanya sawasawa."

Akajumlisha, akagawanya kwa mbili. Ilikuja arobaini na nusu.

"Nusu hapana iko kwa fomu," akasema, akaandika arobaini na moja, akapiga muhuri.

Hivyo ndivyo Kiptanui alivyopunguziwa miaka kumi na saba kabla ya saa sita mchana. Kosgei akaomba naye apewe arobaini na moja, ili wawe wa rika moja tena. Akaambiwa alipe kwanza.

Sasa ikabaki kuchagua. Mshahara wa Kiptanui haukuweza kubeba karatasi mbili. Micah akaweka nyeupe mkono wa kulia na kijani mkono wa kushoto, na Kiptanui akanyoosha mkono kwenye nyeupe hata kabla hajaulizwa.

"Hii ya elfu tatu," akasema. "Kwetu kambini hakuna mtu ameona elfu tatu. Hata nyapara."

"Hata wewe hutaiona," Kosgei akamkumbusha.

"Lakini itajulikana ni yangu."

Karani akachovya kalamu kwenye wino, akamkabidhi Micah, na Micah akaanza kumwonyesha Kiptanui mahali pa kuweka kidole gumba. Chepchirchir alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa na neno. Alikuwa nalo tangu gari moshi lilipopita Njoro, na alijua kwamba kwa kawaida yake lingefika wakati wapo ndani ya gari moshi wanarudi nyumbani. Akasimama.

"Baba Kibet."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikuwa imezoeleka, kwa hiyo wote waligeuka.

"Ukifa, Kipkemei atatuchukua."

Kwao, mume akifa, ndugu yake humchukua mjane na watoto, huwajengea nyumba na kuwalimia, na watoto hubaki kuitwa wa marehemu. Kila mtu anajua hivyo. Lakini mke hamwambii mumewe aliye hai, tena mbele ya watu.

"Hiyo ni mila," Chepchirchir akaendelea, kwa sababu alikwisha kuanza na hakujua mahali pa kusimama. "Hata asipotaka, wazee watamlazimisha. Lakini ukikatika mkono, wewe uko. Mimi ni mke wako bado. Kipkemei hawezi kutuchukua na wewe uko. Kwetu huwezi kwenda, mwanamume hakai kwa wakwe zake. Nyumba ni ya kampuni, Naftaly alipewa siku tatu. Kwa mtu aliyekufa kuna mila. Kwa mtu aliyekatika mkono hakuna kitu."

Akaketi. Kosgei alitazama dari kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama panavuja.

"Kipkemei?" Kiptanui akasema mwishowe. "Huyu kaka yangu? Anayepiga ng'ombe kwa rungu?"

"Huyo huyo."

Kiptanui aliondoa kidole chake kwenye karatasi nyeupe. "Lete ya kijani," akamwambia Micah.

Karani mkuu alimtazama Chepchirchir juu ya miwani kama anavyotazamwa mteja aliyeuliza bei ya jumla badala ya rejareja. Kisha akaanza kujaza.

"Kazi?"

"Anapanga mbao," Micah akajibu haraka.

Hiyo ilikuwa kweli, na ingekuwa kweli kwa siku tano zaidi. Chepchirchir akaja mezani. Akaweka kidole kwenye fomu, akasoma kwa sauti.

"Kazi anayofanya sasa, na kazi atakayofanya ndani ya mwaka huu. Akidanganya, halipwi."

Micah akakohoa.

"Msumeno mkubwa," Chepchirchir akasema. "Kutoka tarehe moja."

Karani aliweka kalamu chini. Akachukua lile daftari la mapajani, akalifungua, akashuka na kidole kama alivyofanya Chepchirchir.

"Kupanga mbao, shilingi tatu kwa mwezi. Msumeno, kumi na nne na senti hamsini."

"Kwa nini?" Kiptanui akauliza.

"Sisi najua misumeno."

Kiptanui hakuwa mtu wa kalamu, lakini kwa vidole alihesabu vizuri. Alihesabu mara moja, akarudia, akashika kidole kimoja cha mwisho bila kukiachia.

"Kwa msumeno kampuni inaniongezea kumi na mbili. Nyinyi mnaniongezea kumi na moja na nusu."

"Ndiyo."

"Inabaki senti hamsini."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo nyinyi na yule mzungu mwenye kampuni ya mbao mlikaa pamoja mkapanga hii kitu?"

"Hapana," karani akasema. "Yeye najua kazi yake, sisi najua kazi yetu."

"Unaweza kuacha bima kabisa," Micah akasema kwa upole, ingawa ilimuuma kusema hivyo. "Uchukue msumeno, na shilingi kumi na mbili zote ziwe zako. Watu wengi wanafanya hivyo."

"Watu watano," Kosgei akasema.

Kiptanui alikuwa amekwisha kuwaambia watu. Aliwaambia kisimani, aliwaambia kanisani, na Jumatano alimwambia fundi wa viatu, ambaye kuanzia hapo alimwita Bwana Msumeno. Alitazama mikono yake, yote miwili, kwanza upande wa juu halafu viganja. Akamtazama mkewe. Chepchirchir hakuwa na neno jingine. Yale yote aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Andika kupanga mbao," Kiptanui akasema. "Mwaka mzima."

Akaweka kidole gumba cha mkono wa kulia, chenye bei ya shilingi mia tatu, juu ya karatasi. Chepchirchir akaandika jina lake lote kwa herufi. Ni jina refu, na karani alingoja mpaka likaisha.

Katika gari moshi Kosgei alilala, kwa sababu alikuwa amekula sana. Nje, ngano ya Njoro ilikuwa inapita upande mmoja na ukungu ulikuwa unashuka upande wa pili. Walipoanza kupanda mlima, Kiptanui alimgeukia mkewe.

"Kipkemei asingekujengea nyumba nzuri," akasema.

"Najua."

"Angekujengea karibu na zizi. Upande wa chini, mahali mkojo wa ng'ombe unateremka."

"Najua, baba Kibet."

"Mimi namjua, ni ndugu yangu. Sufuria ya kwanza angeileta ikiwa na tundu."

"Na ningeishukuru," Chepchirchir akasema.

Kiptanui akamtazama, kisha akacheka peke yake hadi stesheni, polepole, bila kumwamsha Kosgei.

Jumatatu alfajiri, kabla ya mashine kuwashwa, alimwendea nyapara uwanjani. Watu walikuwa wamesimama wakiota moto wa vumbi la mbao, na kila mmoja alisikia.

"Ule msumeno mpe mtu mwingine," Kiptanui akasema.

Nyapara akashangaa. "Hutaki shilingi kumi na mbili?"

"Nataka."

"Unaogopa?"

"Kiasi."

"Sasa ni nini?"

Kiptanui angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema mgongo unamuuma. Aliwaza kidogo, akasema ukweli.

"Mke wangu amekataa."

Kwanza hakuna aliyeamini, kwa maana hakuna aliyewahi kumsikia mke wa Kiptanui akikataa kitu, hata salamu. Halafu wakacheka. Walicheka hadi nyapara akakaa juu ya gogo. Fundi wa viatu alipopata habari akabadilisha jina, akamwita Bwana Ruhusa, na watoto wa kambi wakalichukua. Kisimani wanawake walianza kumpisha Chepchirchir achote maji kwanza, wakimtazama kwa pembe ya jicho, na yeye hakujua aseme nini, kwa hiyo alichota.

Msumeno ulipewa mtu wa kutoka Kuresoi, mrefu, mcheshi, mwenye mke na mtoto mmoja mchanga. Wakaletwa kwa lori, wakaingia ile nyumba ya jirani. Siku ya pili Chepchirchir aliwapelekea maziwa ya mgando. Alimwambia yule mwanamke kwamba kuna mtu wa bima huja Jumapili, amevaa tai, asimfukuze. Alilisema lote pale pale mlangoni, kabla ya kugeuka, na yule mwanamke akasema watafikiria.

Kiptanui walimcheka hadi Pasaka. Kila jioni alirudi nyumbani akiwa amechekwa vya kutosha, ana vumbi la mtarakwa kwenye nywele. Akanawa, akaketi, akamega ugali kwa mkono wa kulia, akautoboa kwa kidole gumba, akachota mboga.